Mwaka mmoja wa shule Marekani: maswali ya kila siku ya mwanafunzi mgeni

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa Kenya au Tanzania, mwenye miaka 15 hadi 18, anayekwenda kukaa mwaka mmoja wa shule Marekani kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana. Awe amepata ufadhili kama ule wa YES, programu ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2002, au amelipiwa na wazazi, maisha ya ndani ya nyumba ni yale yale. Mambo ya usaili na viza tumeyaacha kando. Hapa ni kuanzia siku unayotua na mabegi yako: bafu, chakula, darasa, baridi, hela ya mfukoni. Wengi wanaokwama hukwamia kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevitaja, kila mmoja akidhani mwenzake anavijua.

Wenyeji wangu niwaiteje?

Waulize siku ya kwanza. Wengi watakwambia utumie jina lao la kwanza tu. Kwa mtoto aliyekuzwa kwa shikamoo na marahaba, kumwita mtu wa rika la baba yake kwa jina ni kazi, lakini kwao si utovu wa adabu. Shuleni ni tofauti: mwalimu huitwa "Mr." au "Ms." pamoja na jina la ukoo.

Na macho. Kuinamisha uso mkubwa anapokusemesha ni heshima kwetu; mwalimu wa kule ataona unaficha jambo. Mtazame usoni anapozungumza, kisha unaweza kutazama pembeni.

Nikisema "hapana, asante" kwenye chakula, hawarudii kuniuliza. Nifanye nini?

Sema ndiyo. Kwetu mgeni hukataa kwanza, mwenyeji husisitiza, mgeni "hulazimika" kula, na wote hujua mchezo ulivyo. Kule hapana ni hapana, na kumlazimisha mtu baada ya hapo ndiko kukosa adabu. Kila mwaka kuna watoto wanaolala njaa wiki ya kwanza nyumba ikiwa na friji mbili zilizojaa.

Familia mwenyeji hailipwi kukaa na wewe, na imekubali kwa hiari kukupa malazi na milo, kwa hiyo kula si kuomba. Asubuhi na mchana kila mtu hujihudumia. Mlo wa kukaa pamoja ni wa jioni, mara nyingi kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja. Uliza mapema ni vitu gani vya kwenye friji unaweza kuchukua bila kuomba, vipi vina mwenyewe, na kama unaruhusiwa kuwasha jiko wakati hawapo. Ukiona mtu anakula mbele yako bila kusema karibu, usimwekee kinyongo. Hawana neno hilo.

Ugali unapatikana?

Unapatikana, ila chagua unga vizuri. Unga wa mahindi wa kawaida dukani ni wa njano na una chembe kubwa. Unasongeka, lakini unataka maji mengi zaidi na dakika kadhaa za ziada. Tafuta mweupe uliosagwa laini. Usichukue ule wa kutengenezea tortilla, unaoandikwa "masa harina": mahindi yake yamechemshwa na chokaa kabla ya kusagwa, kwa hiyo ugali wake unanata na una harufu nyingine kabisa. Duka la Waafrika au la Wahindi likiwa karibu, utapata hata dengu na iliki. Ukibeba viungo na majani ya chai kutoka nyumbani, vitaje vyote kwenye fomu ya forodha. Nyama iache, hata iliyokaushwa, na mbegu za kupanda pia.

Kuna sheria gani za bafu na kufua ambazo hakuna atakayenieleza?

Hapa ndipo lawama nyingi zinapoanzia, kwa hiyo tutakawia kidogo.

Ukioga kwenye beseni lenye pazia, ncha ya chini ya pazia iingie *ndani* ya beseni. Ikibaki nje, maji hutiririka kwenye sakafu, na sakafu nyingi ni za mbao zenye dari ya chumba kingine chini yake. Ndani ya dakika kumi unaweza kuharibu dari ya sebule. Maji ya moto hutoka kwenye tangi. Ukioga nusu saa, anayefuata anaoga ya baridi. Dakika nane hadi kumi zinatosha. Ukimaliza, acha mlango wa bafu wazi, kwa sababu mlango uliofungwa maana yake kuna mtu.

Karatasi ya chooni hutupwa ndani ya choo, si kwenye ndoo. Pedi ni kinyume chake: huviringishwa na kutiwa kwenye pipa. Aliyezoea kutawadha kwa maji anunue kopo dogo lenye mdomo mrefu, lile la kumwagilia maua, aliweke karibu na choo na aseme ni la nini. Likiwa halijaelezwa, mtu atalimwagilia maua kweli.

Mashine ya kuoshea vyombo ina sabuni yake maalumu. Usitie ile ya maji ya kuoshea kwa mkono, hata tone kubwa moja: povu litafurika jikoni. Mashine ya kukaushia nguo ina kichujio kinachonasa nyuzi. Kisafishe *kila* unapokausha, maana nyuzi zikijaa ni chanzo cha moto. Kanga na kitenge kipya vifue peke yake, kwa maji baridi, mara tatu za mwanzo. Kanga nyekundu moja inaweza kugeuza mashati yote meupe ya nyumba kuwa ya waridi.

Nguo za ndani nazo huingia mashineni pamoja na nyingine. Mama alikufundisha kuzifua mwenyewe kwa mkono, na alikuwa na sababu zake, lakini ukizianika kwenye bomba la bafu la watu wote utaishangaza nyumba. Ukitaka kuendelea kufua kwa mkono, zianike chumbani kwako.

Niende na pasi yangu na chaja zangu?

Chaja ndiyo, pasi hapana. Umeme wa kule ni volti 120. Wetu ni 230 hadi 240. Soma maandishi madogo kwenye chaja: ikiwa imeandikwa 100–240V, unahitaji adapta tu ya kubadilisha miguu mitatu minene ya kwetu kuwa miwili bapa. Pasi au birika la umeme la nyumbani litapokea nusu ya volti, na nusu ya volti ni robo tu ya nguvu: pasi ya wati 1,000 itatoa kama 250. Haitaungua, lakini hata kola haitanyooka.

Mimi ni Mwislamu, na nyumba ina mbwa. Nitaishije?

Jambo hili lisemwe kwenye fomu ya maombi, kabla hujapangiwa familia. Ukishafika, eleza kwa maneno mepesi: ute wa mbwa ukigusa nguo zako za kuswalia inabidi uzifue kwa namna maalumu, kwa hiyo unaomba mbwa asiingie chumbani kwako. Ombi hilo hukubaliwa kirahisi. Kinachowaudhi wenyeji ni mgeni anayeruka na kupiga kelele kila mbwa anapopita, bila kusema kwa nini.

Nguruwe hujificha. Bekoni na "ham", yaani paja la nguruwe, utazitambua, lakini pepperoni ya kwenye pizza mara nyingi ina nguruwe, na jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, iko kwenye pipi za kutafuna na vitindamlo vingi. Shuleni una haki ya kuswali kwa wakati wako. Muombe mshauri wa wanafunzi chumba kitupu wakati wa chakula cha mchana. Swala ya Ijumaa inahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa familia. Ramadhani ikikaribia, mwambie mwalimu wa michezo mapema, asije akakuona umekaa chini akadhani ni uvivu.

Kwa nini nachanganya saa kila mara?

Kwa sababu unawaza kwa Kiswahili na kusema kwa Kiingereza. Mwanafunzi anawaambia wenyeji mazoezi yanaisha "at eleven", akimaanisha saa kumi na moja jioni; wao wanajiuliza ni mazoezi gani ya kuisha saa tano usiku. Kwa miezi miwili ya mwanzo, muda wowote wa kuchukuliwa na gari utume kwa maandishi, kwa tarakimu: 5:00 pm. Tarehe nazo huanza na mwezi, kwa hiyo 4/9 ni tarehe 9 Aprili.

Halafu saa zenyewe husogezwa. Ukiwa Ohio mwezi Septemba, saa nane mchana kwako ni saa tatu usiku Dodoma. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za kule hurudishwa nyuma, na saa nane ile ile inakuwa saa nne usiku kwa mama, ambaye huenda ameshalala. Hurudi zilivyokuwa Jumapili ya pili ya Machi. Majimbo ya pwani ya Pasifiki yako nyuma yetu kwa saa 10, kisha 11.

Loka ya shule, kabati langu la vitu, haifunguki.

Hii imewachelewesha wengi darasani. Kufuli lake halina ufunguo, lina duara la namba kuanzia 0 hadi 39. Tuseme umepewa 24–6–32. Zungusha kulia mizunguko mitatu kamili kisha simama kwenye 24. Zungusha kushoto, *ipite 24 mara moja*, halafu simama kwenye 6. Rudi kulia moja kwa moja hadi 32, na uvute. Ukipitiliza hata mstari mmoja, usirudi nyuma kidogo, anza upya. Nenda shuleni siku moja kabla ya kufungua muhula ukafanye mazoezi, kwa kuwa kati ya kipindi na kipindi kuna dakika nne au tano tu, na ni wewe unayehama darasa, si mwalimu.

Masomo ni mepesi kuliko ya kwetu?

Hisabati huenda ikawa nyepesi. Mfumo wa alama si mwepesi kwa aliyezoea mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Kule kila kazi inahesabiwa, na kazi isiyokabidhiwa ni sifuri. Piga hesabu: kazi tano umepata 90, ya sita hukuleta. Wastani wako ni 75. Umetoka A ukashuka hadi C kwa karatasi moja uliyoisahau kwenye begi. Kazi nyingi hukabidhiwa mtandaoni, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya darasa kila jioni, hata kama mwalimu hakutaja kitu.

Ukikosa kwa ugonjwa, mwandikie mwalimu siku hiyo hiyo kumuuliza ulichokikosa. Kunakili kutoka intaneti bila kutaja ulikotoa ni kosa kubwa, na "tulifanya pamoja" si utetezi pale kila mmoja alipopewa kazi yake.

Asubuhi shule nyingi husoma kiapo cha bendera. Hulazimiki kukitamka, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1943 kwamba mwanafunzi halazimishwi. Simama kwa heshima, unyamaze, basi.

Naweza kucheza kwenye timu ya shule?

Ndiyo, ila misimu haikusubiri. Timu za vuli, zikiwemo voliboli na mbio za nyika, huanza mazoezi Agosti, pengine kabla hujamaliza wiki ya kwanza. Unahitaji cheti cha uchunguzi wa daktari, na baadhi ya shule hutoza ada. Mpira wa kikapu ni majira ya baridi, riadha ni machipuko. Ukisema unatoka Kenya, kocha wa mbio atakufuata mwenyewe, hata kama kwenu ulikuwa unapanda bodaboda hadi dukani.

Kuhusu afya, nijiandae vipi?

Chanjo kwanza. Shule haikuruhusu kuanza bila rekodi. Watoto wetu wengi wamechanjwa surua na rubella, lakini shule za Marekani hutaka chanjo inayojumuisha matubwitubwi pia, dozi mbili, na ya tetekuwanga. Itafute kadi yako ya kliniki ya utotoni mapema, maana mzazi huwa ameiweka "mahali salama" asipopakumbuka. Nenda nayo hospitali miezi mitatu kabla ya safari, kwa sababu dozi hizo zina nafasi ya wiki kadhaa kati yake.

Ukipimwa kifua kikuu kwa sindano ya ngozini, mkono unaweza kuvimba kwa sababu tu ulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ukiwa mtoto. Sema una alama ya BCG, na uombe kipimo cha damu badala yake.

Ukipata homa katika miezi ya mwanzo, taja malaria *wewe mwenyewe*. Daktari wa Nebraska anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kumwona mgonjwa wa malaria, na atafikiri ni mafua. Mwambie: nimetoka Afrika Mashariki tarehe fulani, naomba nipimwe damu leo.

Panadol kule haijulikani kwa jina hilo. Paracetamol huandikwa "acetaminophen". Usiende na dawa yoyote shuleni mfukoni, wala usimpe mwenzako kidonge kimoja cha kichwa. Dawa zote hukaa kwa nesi, na anayegawa anaweza kufukuzwa shule. Bima ya viza ya J-1 hulipia ugonjwa na ajali, lakini kwa kawaida haigusi meno wala miwani. Ziba jino linalouma kabla hujapanda ndege.

Pesa ya mfukoni hutumikaje?

Bei ya kwenye rafu si bei utakayolipa. Kodi ya mauzo huongezwa kaunta: kitu cha dola 20, kodi ikiwa asilimia 8, ni dola 21.60. Oregon, Montana, New Hampshire na Delaware hazina kodi hiyo. Kwenye mgahawa wa kuhudumiwa mezani unaacha bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Marafiki wakisema "twende sinema", kila mtu anajilipia; aliyealika si mlipaji. Na katika sarafu, ile ndogo kuliko zote ni senti 10, ina thamani kuliko pana kidogo ya senti 5.

Kazi ya kuajiriwa hairuhusiwi. Kulea mtoto wa jirani jioni moja au kukata majani mara moja moja, sawa.

Laini yangu ya nyumbani niifanyeje?

Usiitupe. WhatsApp yako imefungwa kwenye namba hiyo, na laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na kupewa mtu mwingine. Mwachie ndugu aitie vocha na kuitumia mara moja kwa mwezi. Kule nunua laini ya kulipia kabla, na hakikisha simu yako haijafungwa kwa mtandao mmoja.

Baridi yenyewe ikoje, na ninunue koti Nairobi au Dar?

Usinunue kwenu. Sweta moja la safarini linatosha, mengine utayapata kule kwenye maduka ya nguo zilizotumika, kabla hazijafungwa marobota kuja kwenye masoko ya Gikomba na Karume. Ni mitumba ile ile, ila wewe umeiwahi.

Vaa tabaka: fulana inayobana, sweta la sufu, koti lisilopitisha maji. Viatu viwe na nafasi ya soksi nene, kwa sababu kiatu kinachobana hukata mzunguko wa damu na vidole hufa ganzi upesi. Usitoke na nywele mbichi. Ngozi itapauka na kupasuka, kwa hiyo paka mafuta mazito mara tu unapotoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Digrii zao ni za Farenhaiti: toa 30, gawa kwa 2, utapata kadirio la zetu. Sifuri ya kwao kwa kweli ni karibu 18 chini ya sifuri yetu.

Wasichana wanaosuka: bebeni nywele za kusukia pakiti kadhaa, na jifunzeni kujisuka twende kilioni au mabutu. Kwenye miji midogo msusi huenda yuko mwendo wa saa moja kwa gari, na bei mara nyingi hupita dola 100.

Nikisema "sorry" mtu akijikwaa, wananijibu "si kosa lako". Kwa nini?

Kwa sababu wewe umesema pole, wao wamesikia samahani. Sema "Are you okay?" Vivyo hivyo "I'm coming" unapotoka kidogo: kwetu nakuja maana yake narudi sasa hivi, kwao unaondoka huku unadai unakuja. Wavulana, kushikana mikono na rafiki mkitembea ni jambo la kawaida kwetu. Kule hutafsiriwa vingine. Fanya ujuavyo, ila ujue.

Nimekumbuka nyumbani hadi sitaki kutoka chumbani.

Hali hiyo huja kwa wengi mwezi wa pili au wa tatu, ugeni ukishaisha utamu, na hurudi kati ya sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na Januari, siku zikiwa fupi. Kupiga simu nyumbani kila siku huongeza maumivu. Panga siku moja au mbili kwa wiki, na muda wake. Fanyia kazi za shule mezani sebuleni, hata kama huongei na mtu. Kwao mlango uliofungwa jioni nzima husomeka kama hasira.

Kama tatizo ni familia yenyewe, zungumza nao kwanza kuhusu jambo moja mahususi, kisha mpigie mratibu wako, yaani mwakilishi wa programu aliye karibu nawe. Kanuni zinamtaka akae ndani ya maili 120 kutoka kwenu, kama kilomita 190, na awasiliane nawe kila mwezi; usisubiri mwezi uishe. Kubadilisha familia ni jambo la kawaida na si aibu. Lakini mtu akikugusa vibaya, akikutisha au akikunyima chakula, usianze kwa mazungumzo: mpigie mratibu saa hiyo hiyo, au 911, namba ya dharura, kama uko hatarini. Namba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani uliyopewa kwenye makaratasi yako iweke kwenye simu *na* kwenye karatasi.

Ni makosa gani yanayomrudisha mtu nyumbani?

Pombe, ambayo ni marufuku chini ya miaka 21. Bangi, hata kwenye jimbo linaloiruhusu, kwa sababu sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Kuendesha gari, kwa kanuni za karibu programu zote. Na picha za utupu za mtu aliye chini ya miaka 18, kuzituma au kuzihifadhi tu, zikiwemo zako mwenyewe: hilo ni kosa la jinai.

Mwaka huo utahesabiwa nikirudi?

Mara nyingi hapana. Unarudi kidato ulichokiacha. Kabla ya kuondoka, mzazi apate barua ya mkuu wa shule inayosema nafasi yako ipo, na ajue usajili wa KCSE au mtihani wa NECTA wa mwaka wako unafungwa lini. Usajili hufanyika miezi mingi kabla ya mtihani, na wewe utakuwa mbali.

Kule, wiki mbili kabla shule haijafungwa, nenda ofisi ya kumbukumbu uombe nakala mbili za alama zako zenye mhuri, ndani ya bahasha zilizofungwa. Usiwaachie wazitume baadaye. Juni na Julai ofisi hizo huwa na mtu mmoja, au hakuna. Ukiwa umefadhiliwa na serikali ya Marekani, kuna pia sharti la kukaa nchini kwako miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza kadhaa za kazi. Viza ya kurudi kusoma chuo haimo kwenye zuio hilo, ila utaiombea ubalozini ukiwa nyumbani.